Namna ya Kuwaeleza Jamaa Zako Kwamba Hutaki Kuzikwa

Ukitaka kuona kikao cha jamaa kikinyamaza ghafla, sema tu, chai inapomiminwa, kwamba siku yako ikifika ungependa mwili wako uteketezwe. Mimi nilisema hivyo nyumbani kwetu, nikidhani ninatoa taarifa ya kawaida kama mtu anayesema kwamba amehamia benki nyingine, na mama yangu, aliyekuwa ameshika birika, alilirudisha mezani kabla kikombe cha baba hakijajaa, akaniuliza uchuro huo nimeutoa wapi. Nilijitetea kwa hoja za gharama na za uhaba wa ardhi, na kila hoja iliyonitoka ilizidi kukitia kikao baridi. Ilipita karibu miezi miwili kabla hajaligusa tena jambo hilo, na alipoligusa, tukiwa wawili tu tunachambua maharagwe, hakutaja moto, wala dini, wala mila. Aliuliza: "Sasa sisi tutalilia wapi?"

Maneno yake ya kwanza yalikuwa mshtuko, na ya pili yalikuwa swali. Mwongozo huu wote umesimama juu ya tofauti hiyo. Mshtuko haujibiwi kwa hoja, kwa sababu haukuzaliwa na hoja, huachwa upite. Swali linalokuja nyuma yake, ambalo mara nyingi huchelewa na huja kwa sauti ya chini, ndilo linalostahili jibu, na jibu lake huwa ni jambo la kutenda.

Nimeandika nikiwafikiria hasa Wakenya wa familia za Kikristo na za mila, ambao kwao kuteketeza mwili si jambo lililokatazwa moja kwa moja wala si jambo lililozoeleka. Wahindu wa nchi hii wamekuwa wakiteketeza maiti wao kwa vizazi kadhaa bila kuhitaji ushauri wa mtu. Kwa Mwislamu sharia imekwisha kuamua: mwili huoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa na kuzikwa, tena mapema, na mwongozo huu haumshauri mtu yeyote kuyavunja hayo.

Mshtuko unatoka wapi

Anza na lugha, kwa kuwa ndiyo inayomfikia msikilizaji kabla ya wazo lenyewe. Kiswahili hukwepa kukitaja kifo cha mtu anayeheshimiwa kwa jina lake: tunasema amefariki, ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Anayekitaja kifo chake mwenyewe akiwa mzima hudhaniwa kwamba anakiita, na neno uchuro lipo kwa ajili yake. Juu ya hayo wewe unaongeza kitenzi kuchoma. Tunachoma nyama, mahindi, makaa na takataka; na katika miji yetu binadamu anayechomwa ni mshukiwa wa wizi aliyevishwa gurudumu na umati, au kikongwe aliyesingiziwa uchawi. Unapotamka kwamba unataka kuchomwa, msikilizaji wako haoni tanuri lenye mlango wa chuma na kipimajoto. Anaona gurudumu, na ikiwa alilelewa katika shule ya Jumapili, nyuma ya gurudumu anaiona Jehanamu.

Kuna imani nyingine iliyojificha zaidi, nayo ni kwamba maiti bado anahisi. Watu wengi wataikana ukiwauliza waziwazi, lakini desturi zetu zinaifichua: tunamtakia marehemu alale salama, tunamtafutia jeneza lenye kitambaa laini na mto wa kuwekea kichwa. Mwaka 2004 wanasaikolojia Jesse Bering na David Bjorklund walichapisha utafiti ambamo watoto walitazama mchezo wa vikaragosi kuhusu panya aliyeliwa na mamba, kisha wakaulizwa maswali. Ilikuwa rahisi zaidi kwa watoto hao kukubali kwamba panya hahitaji tena chakula kuliko kukubali kwamba ameacha kumpenda mama yake, na hata watu wazima waliohojiwa hawakuwa wameachana kabisa na mwelekeo huo. Kwa hiyo shangazi anayekuuliza kama hutasikia moto si mjinga. Anafikiri kama binadamu anavyofikiri, na picha ya mtu aliyelala inamruhusu aendelee kukupenda, hali picha ya majivu bado haijampa njia ya kufanya hivyo. (Ukweli ni kwamba yanayotokea kaburini nayo si ya kutazamwa, ila tumekubaliana kwa adabu kutoyafikiria.)

Ndiyo maana maelezo hayafanyi kazi kwa haraka unayoitarajia. Katika miaka ya 1980 Paul Rozin na wenzake nchini Marekani waliwapa watu maji ya matunda yaliyokuwa yamechovywa mende mfu, aliyetakaswa hata asibaki na kijidudu kimoja, na wengi hawakutaka kuyanywa ingawa walijua hayana madhara. Mwanasaikolojia Jonathan Haidt, aliyechunguza miiko ambayo kuivunja hakumdhuru mtu, aliona kwamba watu hutoa hukumu kwanza na kutafuta sababu baadaye. Sababu hizo zikivunjwa moja baada ya nyingine, hubaki wakisema kwamba jambo hilo ni baya tu, basi. Ukimvunjia mjomba wako hoja zake zote atabaki bila hoja, na bado atakataa, na sasa atakuwa na kinyongo juu yake.

Wako pia wanaosema kwamba kukumbushwa kifo kwenyewe humfanya mtu azishike zaidi desturi za watu wake. Jaribio linalotajwa sana lilichapishwa mwaka 1989: majaji 22 wa Tucson, Arizona, walipewa kesi ya kubuni ya mwanamke aliyeshtakiwa kwa ukahaba, na wale waliotangulia kuulizwa kuhusu kifo chao wenyewe walimtoza dhamana ya wastani wa dola 455, ilhali wenzao walitoza dola 50. Naliamini kwa tahadhari, kwa maana maabara kadhaa zilipoungana miaka ya karibuni kurudia majaribio ya aina hiyo hazikuyapata matokeo yaliyotarajiwa. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya mazishi ameona watu wasiokanyaga kijijini mwaka mzima wakigeuka walinzi wakali wa mila kwa wiki moja.

Jambo lenyewe ni la kale na si letu peke yetu. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anasimulia kwamba mfalme Dario wa Uajemi aliwauliza Wagiriki, waliokuwa wakiteketeza maiti, ni kwa malipo gani wangekubali kuwala baba zao waliokufa, nao wakajibu kwamba hakuna malipo ya kutosha. Kisha akawauliza watu wa India walioitwa Callatiae, ambao desturi yao ilikuwa hiyo ya kuwala, ni kwa malipo gani wangekubali kuwateketeza, nao wakapiga kelele wakimwomba asitamke neno baya namna hiyo. Wenye kutishwa na moto katika kisa hicho ni wale tunaowaona sisi kuwa wa kutisha. Waparsi, yaani Wahindi wa dini ya Zoroasta, waliofika Zanzibar walikuwa na sababu nyingine kabisa ya kuukataa: kwao moto ni mtakatifu, na kuutupia maiti ni kuuchafua.

Hapa kwetu, ukisikia mtu akisema "sisi tangu jadi tunazika," utatamani kumjibu kwa historia, na historia iko upande wako. Miongoni mwa Wakikuyu wa kabla ya ukoloni kaburi lilikuwa heshima ya wazee wa hadhi fulani, na wengine walipelekwa porini wakaachiwa fisi. Wamaasai nao walizika watu mashuhuri tu, na Wanandi walikuwa na desturi ya namna hiyo hiyo. Kaburi la kila mtu, lenye msalaba na saruji, lilienea kwa msukumo wa wamisionari na wa serikali ya kikoloni, kwa hiyo kwa familia nyingi jadi hiyo haijamaliza vizazi vitano. Lijue hilo kwa ajili ya utulivu wako mwenyewe, kisha usiliseme. Nimelisema mara moja mbele ya mzee mmoja, na nilichokipata ni kwamba aliacha kunisemesha mpaka kikao kikaisha, kwani alisikia nikimwambia kwamba babu yake aliliwa na fisi.

Kuna tabaka jingine chini ya hayo yote, nalo ni ardhi. Kaburi huonyesha nani ni wa wapi. Kesi za mashamba zimeamuliwa huku mashahidi wakinyoosha kidole kwenye makaburi ya mababu, na mjane mwenye kaburi la mumewe uani ana mahali pa kusimama. Wakili S.M. Otieno alipofariki tarehe 20 Desemba 1986, mkewe Wambui alitaka kumzika katika shamba lao la Ngong, na ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, na akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Watu wengi waliifuatilia kesi hiyo kama ugomvi wa mwanamke na wakwe, au wa Wakikuyu na Wajaluo. Ilikuwa hivyo, lakini pia ilikuwa ni kuuliza mtu ni wa nani akishakufa, na anayesema anataka kuwa majivu husikika kana kwamba anajibu: si wa mtu.

Mwisho, moto haurudi nyuma. Kaburi linaweza kufukuliwa kwa amri ya mahakama, majivu hayachunguziki. Jamaa wanaposhuku kwamba mjane, au ndugu, au mshirika wa biashara anaficha kitu, haraka ya kuteketeza huongeza shaka, na shaka hiyo si ya kudharauliwa.

Kabla ya kufungua kinywa

Jua unachokitaka kwa undani, kwa sababu utaulizwa na watu waliokasirika. Katika tanuri la kisasa joto hufika kati ya nyuzi 800 na 1,000, kazi huchukua saa moja na nusu hadi mbili au zaidi kidogo, na kinachobaki si jivu kama la jikoni bali ni vipande vya mifupa ambavyo husagwa, uzito wake kilo mbili au tatu hivi. Kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kikiwa mwilini lazima kiondolewe kwanza, maana betri yake hulipuka. Jijini Nairobi watu huenda katika tanuri la Wahindu la Kariokor au lile la Lang'ata. Nenda ukapaone, uulize taratibu na bei, na uandike.

Jiulize pia ni moto unaoutaka kweli au ni kitu kingine. Wapo wanaosema "nichomeni" wakiwa wanamaanisha "msiuze ng'ombe wa watoto wangu kwa ajili ya hema na jeneza la bei mbaya." Kwa mtu kama huyo jeneza la kawaida na mazishi ya haraka yangetosha, na angejiepushia nusu ya vita hivi. Raila Odinga alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, familia ilieleza kwamba wasia wake ulikuwa azikwe ndani ya saa 72, na hata ombi hilo, lisilo na moto ndani yake, liliwashangaza watu waliozoea wiki mbili za kamati na michango. Alizikwa Bondo tarehe 19. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, aliyefariki Desemba 2021, aliagiza jeneza la bei rahisi, na mwili wake uliyeyushwa kwa maji moto yenye alkali badala ya moto, kisha mabaki yakawekwa katika kanisa kuu la Mtakatifu George mjini Cape Town. Jimbo la Washington nchini Marekani liliruhusu mwaka 2019 mwili ugeuzwe kuwa mboji. Hizo mbili huku kwetu hazipo, lakini mfano wa askofu huyo utakufaa mbele ya wazee wa kanisa kuliko hoja yoyote utakayoitunga.

Ulizia msimamo wa dhehebu lako kabla hujaulizwa wewe. Kanisa Katoliki lilikataza kuteketeza maiti mwaka 1886, likaondoa katazo hilo mwaka 1963, na mwaka 2016 likaeleza kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe, yasigawanywe wala kuwekwa nyumbani. Bado linapendelea maziko. Kwa Waanglikana wa Kenya kuna mfano mkubwa: Askofu Mkuu wa zamani Manasses Kuria aliteketezwa mwaka 2005, kama alivyoteketezwa mkewe Mary miaka mitatu kabla yake. Zungumza na padre au mchungaji wako faraghani. Ukimkuta mbishi, ni heri ujue leo kuliko watoto wako wajue siku ya ibada.

Jinsi ya kulisema

Usiliseme kwenye matanga ya mtu mwingine, ingawa ndiko wazo hilo linakotujia sana. Huko kila neno kuhusu moto ni tusi kwa aliyelala pale. Usiliseme hospitalini isipokuwa umechelewa. Na usiliseme kwa mzaha. Wengi huanza kwa mzaha wakiogopa mshtuko, na siku ikifika mzaha huo huwa mlango wa kutokea: alikuwa anatania tu, mnamjua alivyokuwa.

Chagua mtu mmoja kwanza. Asiwe yule anayekupenda kupita wote, kwani huyo ndiye atakayeumia zaidi, wala asiwe yule mwenye sauti kubwa. Tafuta anayesikilizwa na pande zote mbili na asiye na haraka: mara nyingi ni shangazi, au ndugu wa mama, au mkwe aliyekaa katika ukoo muda mrefu. Akishazoea yeye, habari itasafiri kwa miguu yake, na itawafikia wengine ikiwa imepungua makali. Kwa wazee wa ukoo nenda na heshima zake: waombe ushauri kabla ya kuwapa uamuzi, hata kama uamuzi umekwisha kuufanya, kwa kuwa mzee aliyeombwa ushauri ana nafasi ya kukubali bila kushindwa.

Sentensi yako ya kwanza ieleze kwamba huumwi na hufikirii kujidhuru. Nililisahau hilo, na baadaye nikagundua kwamba baba yangu hakulala vizuri wiki nzima akidhani nimepewa majibu mabaya na daktari. (Ikiwa ni kweli umekuwa ukifikiria kujiua, weka mwongozo huu kando na umtafute leo hii daktari au mtu unayemwamini.) Kisha epuka kitenzi kuchoma. Unaweza kusema: "Mama, niko salama kabisa, lakini nimekuwa nikiwaza kuhusu mazishi yangu. Ningependa baada ya ibada mwili wangu upelekwe Kariokor, halafu majivu yaje kuzikwa nyumbani." Katika maneno hayo ibada imetajwa kabla ya tanuri, na nyumbani ndipo mahali pa mwisho. Yule mwenye kuogopa kwamba utapotea amekwisha kusikia utakapokuwa.

Baada ya hapo nyamaza. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Utasikia "Mungu apishe mbali," utasikia "usituletee mambo ya wazungu," pengine utasikia kilio. Usijibu hata kimoja. Usiseme pia kwamba mwili ni kitu tu na roho imekwisha kuondoka, kwa sababu hata kama ni mafundisho ya kanisa lao, mtu aliyewahi kukubeba mgongoni hawezi kuambiwa kwamba mwili wako ni kitu tu. Sema kwamba umesikia, kwamba hakuna haraka, na umalizie chai yako. Wiki au miezi itapita, na swali litakuja. Mmoja atauliza kuhusu pahali pa kulilia, mwingine kuhusu watakachosema majirani, na mwingine, kwa kuzungukazunguka, atataka kujua kama mkeo ndiye aliyekutia wazo hilo kwa ajili ya shamba. Yachukue yote kuwa maswali ya haki.

Wape pa kulilia

Linganisha misiba miwili. Mwanasiasa mkongwe Kenneth Matiba alipofariki Aprili 2018, watu walimuaga kwa maelfu kwa ibada ya hadhara Murang'a, na baada ya hapo mwili ukateketezwa Lang'ata. Mwaka uliofuata Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliteketezwa Kariokor tarehe 3 Agosti katika shughuli ya faragha, kama familia ilivyosema alivyotaka mwenyewe, na wazee kadhaa na baadhi ya jamaa walilalamika waziwazi kwamba mwana wa Kijaluo ameondoka bila kuzikwa. Moto ulikuwa mmoja. Siwezi kusema kwamba tofauti yote ilitokana na utaratibu, kwani mila za pande hizo mbili hazilingani na umri wa marehemu haukulingana, lakini waombolezaji wa Matiba walikuwa wamepata siku yao na jeneza lao kabla ya tanuri. Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, aliteketezwa Julai 2019 siku moja tu baada ya kufariki, na ibada ya kumbukumbu ikafuata; kwa mtu aliyezaliwa Guyana na asiye na ukoo unaomsubiri kijijini, mpangilio huo haukuleta mtafaruku. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira aliyeteketezwa Kariokor Oktoba 2011, alipewa mazishi ya kitaifa, akiwa katika jeneza la magugu-maji, mafunjo na mianzi kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Watu waliolitazama jeneza hilo walielewa kwamba ni yule yule Wangari, na nadhani jeneza liliwatayarisha kwa moto.

Basi panga hivi: watu waage kwanza, tena kwa mwili uliopo, ibada ifanyike kijijini ikiwezekana, safari ya tanuri iwe ya wachache, nao wawemo watu wa pande zote, hasa yule aliyepinga sana, maana aliyeshuhudia hatasema kwamba kulikuwa na siri. Kisha majivu yarudi na yazikwe kwa sherehe ndogo yenye mambo yote ambayo mikono inayazoea: shimo lililochimbwa na vijana wa ukoo, sala, udongo wa kila mmoja kutupia, na jiwe lenye jina. Kamati ya mazishi iwe na kazi. Inaudhi kuona watu wakitaka kukusanya michango kwa ajili ya jambo lisilohitaji pesa nyingi, lakini kamati ni namna ya majirani kusema kwamba wamefiwa pia. Wape karo ya yatima wachangie.

Usidhani kwamba mila hazina njia. Wajaluo wana desturi ya kuzika tunda la mti uitwao yago mahali pa mtu ambaye mwili wake haukupatikana, na jamii nyingine zimezika shina la mgomba. Wale waliobuni hayo walikuwa wamekutana na watu waliozama ziwani na waliopotea vitani, na walijua kwamba walio hai wanahitaji kuzika kitu. Mzee anayeijua desturi hiyo unaweza kumwuliza, kwa unyenyekevu, kama majivu ya mtu mwenyewe hayalingani angalau na tunda. Swali hilo nimelisikia likiulizwa, na mzee alicheka kwanza, ndipo akajibu kwamba itabidi wakae waliongee.

Mama yangu nilimjibu kwamba majivu yatazikwa kando ya kaburi la nyanya, chini ya mparachichi. Alifikiri kidogo akasema jiwe liwe na jina kamili, si yale majina ya kazini.

Karatasi na watu wake

Mahakama za Kenya zimeshikilia kwamba mwili wa marehemu si mali ya mtu, na kwamba matakwa yake kuhusu mazishi hupewa uzito na yafuatwe inapowezekana, ila hayafungi kabisa. Maana yake ni kwamba karatasi peke yake haitakulinda, na pia kwamba bila karatasi huna kitu. Iandike kwa maneno mepesi, tia sahihi mbele ya mashahidi wawili wasio warithi, na utaje majina ya wanaosimamia. Usiiweke ndani ya wasia wa mali, kwa kuwa wasia huo kwa kawaida hufunguliwa baada ya mazishi, na watakuta umekwisha kulala miezi mahali usipopataka. Wape nakala mwenzi wako, mchungaji, mtu mmoja wa ukoo, na yule ambaye unajua atafika mochari kwanza. Katika kila familia mtu huyo anajulikana.

Ongeza aya inayosema kwamba kukiwa na shaka yoyote kuhusu chanzo cha kifo, uchunguzi wa maiti ufanywe na matokeo yapokewe kabla ya tanuri. Inamlinda mjane wako kuliko chochote utakachomwachia benki. Weka pia pesa za tanuri na za usafiri kando, kwani anayelipa ndiye atakayeamua. Halafu lizungumze tena jambo hilo kila baada ya miaka miwili mitatu, kwa kifupi tu, ili lisije likasikika siku ya msiba kama habari mpya.

Baada ya yote hayo huenda bado kuna mmoja ambaye hawezi. Si kwamba hataki. Hawezi, na utamjua kwa sababu ameacha kubishana. Hapo itakubidi uamue moto huo una thamani gani kwako, ukizingatia kwamba siku hiyo wewe hutakuwepo na yeye atakuwepo. Katika karatasi yangu nimeongeza sentensi moja mwishoni, ambayo mama hajaiona: ikiwa yeye atakuwa hai siku hiyo, na akasimama mbele ya jeneza akashindwa kuliruhusu liondoke, basi wanizike.